Ukienda Dar Kuona Dabi, Pitia Kariakoo Kwanza

Kila dabi ya Simba na Yanga ikikaribia, wasee wa Nairobi huanza kupanga wikendi ya Dar. Mpango huwa ni ule ule: basi la Ijumaa, mechi Jumamosi, Jumapili Coco Beach ama boti ya Zanzibar kwa wenye mfuko mzito, kisha Jumatatu uko kazini macho mekundu ukijifanya ulikuwa na homa. Sina shida na mpango huo. Shida yangu ni vile tunavyougawa. Tunasema kuna siku ya mechi na kuna siku ya kutalii, kana kwamba mpira ni kitu kimoja na historia ya jiji ni kitu kingine, kimefungiwa kwenye makumbusho na mlinzi amekaa mlangoni.

Mimi nasema hivi: Dar es Salaam hakuna kumbukumbu iliyo hai kuliko hiyo dabi. Ukiifuata vizuri, kuanzia barabara inayokuleta hadi kiti unachokalia uwanjani, utakuwa umesoma miaka mia moja ya Afrika Mashariki. Na sisi Wakenya si wageni tu kwenye hadithi hiyo. Tuna hisa ndani yake, na tulizilipia kwa watu.

Jina lenyewe

Anza na neno Kariakoo. Litamke polepole. Sasa tamka Kariokor, ile ya Nairobi, ya viondo, viatu vya ngozi na nyama choma, kati ya Ngara na Ziwani. Ni neno moja. Yote mawili yametoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wazee walisikia Kiingereza, wakakipitisha kwenye ulimi wa Kiswahili, likabaki jina la mtaa katika miji miwili.

Vita hivyo havikutuhusu. Ujerumani ilishika Tanganyika, Uingereza ikashika Kenya, na Ulaya ilipowaka 1914 moto ukafika hapa. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliamua kutokubali kukamatwa. Akawa anapigana na kurudi nyuma, anapigana na kurudi nyuma, Waingereza wakimfuata kwa miaka minne katika nchi isiyo na barabara. Farasi na punda walikufa kwa mbung'o. Magari yalizama matopeni. Kilichobaki kubeba risasi, unga na vitanda vya maofisa kilikuwa kichwa cha binadamu.

Sasa fikiria hesabu ya mpagazi. Anabeba chakula cha askari, na yeye mwenyewe lazima ale. Kadiri jeshi linavyoenda mbali, ndivyo wapagazi wanavyohitajika kubeba chakula cha wapagazi wengine. Kwa hiyo Waingereza walihitaji watu wengi sana. Kwa jumla vita hivyo vilimeza karibu wapagazi milioni moja upande wa Waingereza, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika yenyewe, Nyasaland na kwingineko. Huku Kenya, mwaka wa 1917 serikali ya kikoloni iliacha hata kujifanya inaomba. Machifu waliambiwa watoe wanaume, na wanaume wakatolewa, kutoka Nyanza, kutoka Ukambani, kutoka Kikuyu, kutoka Pwani.

Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba waliokufa upande huo walikaribia 100,000. Wengi wao hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Watu wa milimani waliozoea baridi na chakula chao walishushwa kwenye joto na mvua ya Rufiji, wakapewa unga mbovu ambao haukuiva vizuri, wakaendesha matumbo hadi kufa. Mishahara ya wengi wao haikufika nyumbani. Mtu alichukuliwa, hakurudi, na familia yake haikuambiwa alizikwa wapi.

Hilo ndilo jina unalolisoma kwenye fulana ya shabiki aliyeandika "Kariakoo Dabi" mgongoni.

Basi lako linafuata njia ya vita

Safari ya barabara kutoka Nairobi hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800. Ukipanda basi la usiku utalala njia nzima, na sikulaumu, kiti chenyewe ni cha mateso. Lakini kama unaweza kusafiri mchana, safiri mchana.

Ukitoka tu Namanga unapita Longido. Pale mlimani, Novemba 1914, Waingereza walijaribu kuwatoa Wajerumani wakashindwa. Ukivuka Arusha unafika Moshi. Waingereza waliuchukua mji huo Machi 1916, baada ya kuingia kutokea Taveta na kwa njia hiyo hiyo ya Longido. Kutoka Moshi barabara inashuka Same, Mombo, Korogwe, ukiwa na milima ya Pare na kisha Usambara kushoto kwako. Reli ya zamani ya Wajerumani iko hapo hapo karibu, na jeshi la Jenerali Jan Smuts liliifuata likishuka kuelekea Handeni na Morogoro. Dar es Salaam ilianguka mwanzoni mwa Septemba 1916.

Wewe unaipita njia hiyo na soda mkononi. Wanaume wa nchi yako waliipita na mzigo kichwani, wakiwa hawajui inaishia wapi. Sisemi usinywe soda. Nasema ujue uko wapi.

Na kitu kingine: kusafiri kwa ajili ya mpira si uvumbuzi wa kizazi chetu. Tangu 1926 timu za Kenya na Uganda zilishindania Kombe la Gossage, lililoitwa kwa jina la mtengenezaji wa sabuni, na Tanganyika ikaingia 1945. Kombe hilo ndilo mzizi wa mashindano ya CECAFA. Mwaka wa 1974 Simba walichukua ubingwa wa kwanza wa klabu za Afrika Mashariki na Kati, mwaka uliofuata wakachukua Yanga. Julai 2017 Wakenya walimiminika Dar kuona Gor Mahia ikicheza na Everton, siku ile Wayne Rooney alipofunga kutoka mbali na Gor ikapoteza 2-1. Wikendi yako ya Dar iko kwenye foleni ndefu.

Kutoka baharini hadi Msimbazi, kwa miguu

Ukishafika, usikimbilie teksi. Katikati ya Dar kunatembeka, hasa asubuhi kabla jua halijakasirika. Anza mbele ya bahari, pale Kivukoni, penye makanisa mawili ya zamani ya Wajerumani, la Kilutheri la Azania Front na la Kikatoliki la Mtakatifu Yosefu. Mji huu ulianzishwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860, karibu na kijiji kilichoitwa Mzizima. Majid alikufa 1870 na ndoto yake ikalala. Wajerumani waliuamsha, na 1891 wakauhamishia makao makuu yao kutoka Bagamoyo.

Panda Mtaa wa Samora hadi kwenye mzunguko wa Sanamu ya Askari. Ni askari mmoja wa shaba, ameinama kidogo, singe imeelekezwa bandarini. Iliwekwa na Waingereza 1927. Kabla yao Wajerumani walikuwa na sanamu yao mjini, ya Hermann von Wissmann, yule aliyevunja upinzani wa Abushiri hapa pwani. Waingereza wakaing'oa na kuisafirisha. Hivyo ndivyo ukoloni ulivyokuwa: mwenye nguvu anang'oa sanamu ya aliyeondoka na kusimamisha yake, na mwenyeji anaangalia tu.

Sasa angalia vizuri huyo askari wa Dar. Yuko peke yake. Nairobi tuna sanamu ya jamii hiyo hiyo, pale Kenyatta Avenue, iliyowekwa mwaka mmoja baadaye, na wewe umeipita mara elfu ukiwahi matatu. Yetu ina watu watatu, na mmoja wao hana bunduki. Huyo ni mpagazi. Kwa hiyo mambo yako hivi: Nairobi tuna mpagazi wa shaba ambaye hatumwangalii. Dar hawana mpagazi wa shaba, lakini wana mtaa mzima wenye jina lake, na jina hilo linapigiwa kelele na maelfu ya watu kila dabi ikichezwa.

Endelea kutembea, uache bahari mgongoni. Utapita Kisutu na mitaa ya maduka yenye vibaraza vya juu, iliyoitwa Uhindini. Kisha mji unafunguka ghafla: uwanja mpana, miti, watu wamepumzika. Hapo ni Mnazi Mmoja, na uwazi huo haukuwa zawadi kwa wananchi. Wakoloni waliugawa mji kwa rangi. Uzunguni ilikuwa karibu na bahari na upepo, Uhindini katikati, na Waafrika wakapelekwa nyuma. Mnazi Mmoja iliachwa wazi ili iwatenge. Walisema ni kwa sababu ya afya, yaani magonjwa ya Waafrika yasivuke. Mnairobi hahitaji kuelezewa sana hapa. Sisi pia tunajua maana ya kuwekwa upande wa pili wa reli na kuambiwa ni mipango miji.

Ukivuka Mnazi Mmoja uko Mtaa wa Lumumba, zamani ukiitwa New Street. Hapo ndipo TANU ilizaliwa Julai 7, 1954. Hatua chache zaidi na uko Kariakoo yenyewe.

Wakati wa vita, Waingereza waliigeuza sehemu hiyo kuwa kambi ya wapagazi. Vita vilipoisha kambi ikawa soko, na kuizunguka pakawa mtaa wa Waafrika wa Dar. Jengo la soko la zege lenye paa la miavuli mikubwa lilichorwa na Beda Amuli, msanifu Mtanzania, likafunguliwa katikati ya miaka ya 1970. Julai 2021 liliungua. Lakini Kariakoo si jengo. Ni mikokoteni, vitenge, vipuri vya simu, mama anayekuuzia chapati na kukuita "kaka" kwa upole ambao Gikomba hatuna, tuseme ukweli. Na ni vijana wanaobeba mizigo mgongoni na kichwani kati ya malori na maduka. Baada ya miaka mia moja, kazi iliyoupa mtaa jina bado inafanywa mtaani.

Watani hawakuanza na mpira

Yanga ilianzishwa Februari 1935. Mwaka uliofuata kundi la wachezaji na wanachama likajitenga, likaanzisha timu yao. Hiyo timu ya pili ilipita majina kadhaa, Queens, Eagles, kisha Sunderland, hadi 1971 ilipoitwa Simba. Makao ya Yanga yako Jangwani, kwenye bonde ambalo Mto Msimbazi hulifurika mvua ikizidi. Makao ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi. Kutoka moja hadi nyingine unatembea kwa miguu, na dukani njiani unaweza kununua jezi zote mbili kwa muuzaji mmoja, mradi usimuulize yeye ni wa wapi.

Watu huuliza: kwa nini nchi nzima imegawanyika kwa timu mbili za mtaa mmoja? Jibu la kawaida ni kwamba ni ugomvi wa ndugu. Mimi naona mzizi uko chini zaidi, na unatuhusu tena.

Katika miaka ya 1890, huku kwetu Lamu na Mombasa, vijana walianza ngoma iliyoitwa beni, jina lililotokana na bendi za tarumbeta. Walivaa sare, walipeana vyeo vya kijeshi, na muhimu kuliko yote, walicheza kwa kushindana. Beni haikuchezwa na kundi moja. Ilihitaji mawili: wewe unapendeza ili mwenzako aone wivu, unatunga wimbo ili mwenzako aujibu. Vita vilipokuja, askari na wapagazi waliibeba beni hadi Tanganyika. Vita vilipoisha, Dar ikawa na makundi mawili makubwa, Marini na Arinoti. Marini walijiona watu wa heshima, wasomi na makarani. Arinoti walikuwa na watu wa kazi ngumu na waliotoka bara. Walishindana kwa mavazi, karamu na matusi yaliyofunikwa kwa mashairi. Na mtu akifiwa, kundi lake lilimzika.

Tazama dabi ya leo kisha uniambie tofauti iko wapi. Kuna sare. Kuna vyeo, kutoka mwenyekiti wa tawi hadi mhamasishaji. Kuna nyimbo za kujibizana. Kuna utani ambao ukiusikia mara ya kwanza utadhani vita vitaanza, kumbe ni shemeji na shemeji. Kuna michango ya misiba kwenye matawi. Mpira ulipofika Kariakoo, ulikuta watu tayari wanajua kuishi wakiwa pande mbili bila kuuana. Siwezi kukuthibitishia kwamba timu fulani ilitoka kwa ngoma fulani, na sidai hivyo. Ninachosema ni kwamba huo ustadi wa kushindana na bado kuzikana ulikuwepo kabla ya mpira, na sehemu yake ilitembea kutoka pwani ya Kenya pamoja na wapagazi.

Ndiyo maana magoli ya dabi hayasahauliki. Yanga wanakumbuka 5-0 ya 1968. Simba watakujibu na 6-0 ya 1977, siku Abdallah Kibadeni alipofunga matatu. Yanga watarudi na 5-1 ya Novemba 2023. Mtoto wa miaka 12 anakutajia mwaka babu yake alipotaabika. Hebu niambie somo gani la historia shuleni limewahi kupata matokeo kama hayo.

Sisi tulitaja ukoo, wao wakataja mtaa

Hapa ndipo ninapotaka tuongee kama watu wa nyumbani.

Klabu zetu kubwa hazikuzaliwa mtaani kwa jina. Zilizaliwa kwa jamii. AFC Leopards ilianza 1964 kama Abaluhya, Gor Mahia ikaja 1968, na kulikuwa na Luo Union. Kulikuwa na sababu nzuri. Mtu aliyetoka kijijini na kufika Nairobi ya kikoloni alihitaji watu wa lugha yake wamsaidie kupata kazi, chumba na jeneza. Mwaka wa 1980 hivi serikali ikaamrisha majina ya kikabila yaondolewe. Abaluhya wakapata njia ya kubaki na herufi AFC. Luo Union wakawa Re-Union. Gor Mahia kwa muda wakaandikwa Gulf Olympic Rangers, ili kifupi chake kibaki Gor. Watu walicheka, wakaendelea kuita timu zao vile walivyozoea.

Tanzania nayo ilibadilisha majina. Sunderland ilikuwa jina la timu ya Uingereza, likaonekana halifai nchi huru, likawa Simba. Lakini angalia tofauti. Simba na Yanga tayari zilikuwa na kitu kinachozishika chini: Msimbazi na Jangwani. Mtu wa Mwanza, wa Kigoma, wa Mtwara, akichagua timu anaingia kwenye mtaa wa Dar bila kuulizwa ukoo wake. Kwetu, dabi ya Mashemeji ina raha yake, na Gor walituletea kombe la Afrika 1987, hakuna anayeweza kutunyang'anya hilo. Ila bado mtu akisema anashabikia Ingwe, swali la pili ni "kwani wewe ni wa wapi?" na hamaanishi mtaa.

Matokeo yake ni kwamba mpira wetu unatukumbusha tulikotoka, na mara chache unatukumbusha tulipo. Historia ya Nairobi inakosa mtu wa kuipigia kelele. Pumwani, Kaloleni, Shauri Moyo, Ziwani, Kariokor: mitaa iliyojengwa kwa ajili ya Waafrika wasioruhusiwa kuishi kwingine. City Stadium iko hapo Jogoo Road, katikati ya mitaa hiyo. Dakika chache kwa matatu na uko Kariokor. Ukitaka wikendi ya mpira na historia Nairobi, ramani iko tayari. Hakuna anayeiuza. Mgeni akija tunampeleka kwa twiga.

Twiga ni wazuri. Lakini twiga hawakujenga huu mji.

Kwa nini hii ni haraka

Mwaka wa 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo kazi yake ni kutunza makaburi na majina ya waliokufa vitani chini ya Uingereza, ilitoa ripoti ya kujichunguza na ikaomba msamaha. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Askari Mzungu alipata jiwe na jina. Mpagazi, hata yule ambaye maofisa walikuwa na jina lake kwenye daftari, alionekana hastahili jiwe.

Kwa hiyo huwezi kwenda makaburini ukamtafuta babu wa babu yako. Hayupo kwa jina. Kilichobaki cha watu hao ambacho kinatajwa kila siku na midomo ya watu hai ni maneno mawili: Kariakoo na Kariokor. Makondakta wanayaimba. Wauza mitumba wanayaandika kwenye mifuko. Watangazaji wa mpira wanayapaza. Mkoloni hakupanga kuwakumbuka hivyo. Watu wa kawaida ndio waliofanya, bila bajeti na bila kukata utepe.

Na mwaka 2027 AFCON inakuja Kenya, Tanzania na Uganda. Tulionjeshwa Agosti 2025 na CHAN, iliyofunguliwa Dar na kufungwa Kasarani. Tuliona vile watu wanavyosafiri kufuata timu. Wageni watakuja na siku mbili za kuzurura kati ya mechi. Dar watakuwa na cha kuwaonyesha bila kujitahidi, kwa sababu mtaa wao na mpira wao ni hadithi moja. Sisi tutafanya nini? Kibao kimoja pale Kariokor, kinachosema jina hili limetoka wapi na limegharimu nini, hakihitaji mkopo wa nje. Kijana wa Ziwani anayeijua hadithi hiyo anaweza kuitembeza mechi kwa mechi na akalipa kodi yake ya nyumba.

Sasa panga wikendi yako

Beba pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, usiende mpaka na kitambulisho ukitegemea ucheshi. Fika siku moja kabla ya mechi. Asubuhi tembea: Azania Front, Sanamu ya Askari, Mnazi Mmoja, Lumumba, soko, Msimbazi, Jangwani. Kula hapo hapo Kariakoo. Mchana nenda Uwanja wa Mkapa mapema, maana milango hujaa. Uwanja huo ulifunguliwa 2007, na pembeni yake kuna Uwanja wa Uhuru, ambako Desemba 1961 Watanganyika walishuhudia bendera ya Uingereza ikishushwa. Simama hapo kidogo kabla ya kuingia. Tiketi nunua kwa njia rasmi ya kielektroniki, na chunguza unakaa upande gani kabla ya kuchagua rangi ya fulana.

Na ujue mechi yenyewe inaweza kukuponyoka. Machi 8, 2025 dabi iliahirishwa siku ile ile ya kuchezwa, watu wakiwa washasafiri, ikaja kuchezwa Juni 25. Aliyeenda Dar kwa sababu ya dakika 90 peke yake alirudi mikono mitupu. Aliyeenda kuona Kariakoo aliiona, kwa sababu bodi ya ligi haina uwezo wa kuahirisha mtaa.

Ukirudi Nairobi, kabla ya kupakia zile picha, panda matatu ya Kariokor. Shuka. Nunua kiondo, ama kula nyama, ama simama tu. Kisha nenda Kenyatta Avenue umtafute yule wa tatu, asiye na bunduki, umwangalie usoni. Watu wa Dar watakuuliza kama wewe ni wa Msimbazi ama wa Jangwani, na uko huru kuchagua. Lakini huyu hukumchagua na yeye hakukuchagua. Ni wako tu.